Plagi ya Baba

Juzi umeme ulikatika, na fundi mwenzangu akapeleka mkono kwenye msumeno wa mashine ili atoe kipande cha mbao kilichokwama. Nilimshika kiwiko, nikachomoa plagi kwanza.

Nikiwa mtoto, baba alifanya hivyo mchana mmoja umeme ulipokatika, kwenye karakana yake pale Iyunga, iliyonukia mbao mbichi za paina. Alichomoa plagi, akanipa niishike, kisha akaingiza vidole kwenye msumeno kutoa mbao iliyokwama.

“Baba, si umeme umekatika?”

“Umekatika, mwanangu. Ila ukirudi haupigi hodi.”

Nikaibana kwa mikono miwili, nikidhani nazuia umeme uliobaki usimwagike.

Mara redio ya jirani ikaanza kuimba. Umeme ulikuwa umerudi, na vidole vya baba vilikuwa bado katikati ya meno ya msumeno. Msumeno haukutikisika.

Karakana sasa ni yangu. Plagi naishika mimi.