Mkanda wa Goti Aliousifia Msusi

Mimi na dada yangu tumefuatana kuzaliwa, na tumeshona katika chumba kimoja tangu tulipojua kutia uzi kwenye sindano. Yeye anakata na kushona; mimi natia vifungo, napiga pasi na kugombana na wateja. Kugombana ndiko ninakokuweza zaidi, maana dada ni mpole kupita kiasi. Mteja akilalamika gauni linambana, dada anaomba radhi, hata kama aliyenenepa ni mteja mwenyewe.

Kati yetu na saluni ya jirani pana ukuta wa mbao nyembamba tu. Upande wa pili yupo Msusi, na yeye na dada walikuwa chanda na pete. Chai walipitishiana dirishani, umbea walipitishiana ukutani. Nami nilimpenda, sitaki kusema uongo, ndiyo maana mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Dada aliteleza kwenye ngazi za stoo akiwa amebeba robota la vitambaa, goti likateguka. Hospitali wakamwambia kano moja imechanika nusu. Mama mmoja mtaratibu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamweleza vizuri: avae mkanda wa goti wenye vyuma pembeni, afanye mazoezi, na huenda kano ikaunga yenyewe. Isipounga ni kisu, na baada ya kisu hakuna wa kumhakikishia kama mguu huo utakanyaga tena cherehani.

"Ukinunua mtandaoni," yule mama akasisitiza, "njoo kwanza nikupime mwenyewe. Nunua kwa mtu ambaye duka lake linajulikana liko wapi, na anayekubali kurudishiwa mali. Na ukiupata, niletee niuone kabla hujaanza kutembea nao."

Dada akaitikia yote. Jioni hiyo akafungua simu, akamwona Msusi. Yupo kwenye ukurasa wa wauza mikanda, kakunja gauni juu ya goti, mkanda umemkaa sawasawa, meno yote nje. Chini wameandika kwamba kusimama saluni kulimmaliza goti, na sasa anacheza muziki.

"Hukuniambia kama una goti," dada akamwambia kesho yake kupitia ukutani.

"Ningekuambia nini, na wewe una lako? Nilikuwa naugulia kimyakimya."

"Na huo mkanda unashika kweli?"

"Nimekudanganya lini, mwenzangu? Chukua huohuo."

Kwa dada, maneno hayo yalitosha kuliko hospitali nzima. Mkanda ukaja na pikipiki, ndani ya mfuko usio na jina wala anwani ya duka. Nikasema tumpelekee yule mama auone. Dada akaukagua kama tunavyokagua kila kitu sisi mafundi: akaugeuza ndani nje, akavuta pindo, akapitisha ukucha kwenye mshono. Mistari miwili, imenyooka, hakuna uzi unaoning'inia. "Aliyeshona hivi si tapeli," akasema. Ndivyo tulivyozoea. Mtu akituletea koti hatuulizi kalinunua wapi, tunafunua bitana tuone mkono wa fundi. Kuchokoa vile vifuko vya pembeni tuvione vyuma vyenyewe, hakuna aliyewaza.

Msusi akaja kuushuhudia. Akapiga magoti sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, akamfunga dada ule mkanda, akaukaza, akampigapiga mguu. "Sasa tembea, acha uoga," akamwambia.

Akatembea. Uoga ungemsaidia, lakini alishauacha. Tulikwenda kupeleka sare kwenye shule moja, na tukiwa tunashuka ngazi goti lake likaenda pembeni, na mkanda ukaenda nalo. Nilikuwa nyuma yake. Nilisikia kitu kikivunjika mithili ya rula, nikadhani ni mfupa. Hospitali walipouchana mkanda, tukaona vile tulivyoviita vyuma: plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Kano nayo ilikuwa imekatika yote. Yule mama wa mazoezi akakishika kile kipande, akamtazama dada, asimgombeze. Afadhali angemgombeza.

Msusi alikuja wodini na machungwa, macho yamemvimba kwa kulia. Akamfuta dada uso, akamnyoosha shuka, mpaka dada akamuuliza polepole, "Lini goti lako limewahi kuuma?"

Msusi akatazama mlango. "Walikuja saluni wanatafuta mguu wa kupiga picha. Wakanipa kile kioo kikubwa kipya cha saluni."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilishapigwa picha. Ningeanzia wapi kukuambia?"

"Ulinifunga kwa mikono yako," dada akasema.

Msusi akalia upya. Akaapa kwamba ameshawaambia waitoe ile picha, kwamba tangu dada aanguke hajawafungulia hata mlango. Na dada yangu, huyo ndiye dada yangu, akaanza kulainika. Akaupokea mkono wake. Damu ikanichemka, nikafungua ule ukurasa.

Picha ipo palepale. Chini yake mama mmoja ameuliza kama mkanda unamfaa mtu aliyechanika kano, maana anaogopa kupasuliwa. Na Msusi amemjibu, asubuhi hiyohiyo, pengine machungwa yakiwa mapajani: "Unafaa sana mpenzi. Hata rafiki yangu fundi cherehani kano yake ilichanika, sasa anatembea nao bila shida."

Nikampa dada simu. Akasoma, akarudia kusoma. Kisha akauchomoa mkono wake kwenye mkono wa Msusi.

"Mwandikie huyo mama," akaniambia, sauti haina hata hasira. "Mwambie huyo fundi ni mimi, nipo hospitali nasubiri kupasuliwa, asiuguse."

Nikaandika. Msusi akasimama, akanishika kiwiko.

"Ngoja kwanza, jamani," akasema. "Watakuja kukichukua kioo."

Nikatuma. Dada akaniomba nimsaidie kugeukia upande wa pili.