Posa Niliyoikataa Kipini

Nilipokuwa mtoto kule Golbanti, nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma, na jambo hilo lilimkera bibi yangu kuliko uvivu wangu wote. Mto aliuvumilia. Bahari hakutaka hata niitaje. Alisema pale Kipini, mto wetu wa Tana unapoingia baharini, kuna jini anayeoa, na msichana akitia mguu tu, ameshaposwa.

"Na Komora?" nilimuuliza. Komora alikuwa kaka yangu, na kwa kuogelea nilikuwa namwacha mbali.

"Komora ni mwanamume. Jini atamwoaje?"

Miaka ile ya hamsini tulikuwa tukiteremka kwa mtumbwi kupeleka ndizi na mchele Kipini. Asubuhi ya safari moja nilikuwa nafunga mikungu kwa kamba, Bibi akimwusia Komora kando yangu kana kwamba mimi ni gunia. "Jini akikuvuta, usishindane naye. Nenda naye. Akilegea, mpite ubavuni, ndipo urudi." Kwangu alikuwa na neno moja tu: usiingie.

Basi niliingia. Sisemi kwamba niliteleza. Wakubwa walipokuwa wanauza, nilijifunga kanga kifuani nikamfuata Komora majini. Maji ya chumvi yaliniinua kuliko ya mto, nikacheka peke yangu. Kisha yakaanza kupwa, nikahisi navutwa.

Mtoto wa Tana ana sheria moja: ukiguswa na kitu majini, kata moja kwa moja kuelekea ukingoni, maana mamba hangoji. Nikakata. Nilipiga mikono mpaka mabega yakawaka, na kila nikiinua kichwa, ufuo uko mbali zaidi. Niliogopa, sifichi. Hapo yakanijia maneno ambayo sikuambiwa mimi. Nikaacha kushindana. Nikajilaza chali, nikaenda na maji, na yalipolegea nikaogelea ubavuni, sambamba na ufuo, mpaka mawimbi yakanirudisha mchangani. Komora alikuja mbio huku analia.

Bibi, aliyekuwa akiuza pamoja na wakubwa wengine, alituona tukirudi, kanga yangu inachuruzika. Akaishika ncha yake, akaikamua.

"Amekukataa," alisema.

"Mimi ndiye niliyemkataa, Bibi."

Nilichapwa, na huku nachapwa nikamuuliza, "Mbona maneno yale ulimpa Komora tu?" Akaongeza fimbo.

Alijibu miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nina watoto wangu. Alisema na yeye hakuambiwa. Aliyasikia babu yangu, mumewe, akimwusia baba yangu, yeye Bibi akiwa kando anafunga ndizi. Baharini hakuwahi kuingia hata siku moja, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetamani. Hasira yangu kwake iliisha siku hiyo. Hasira yangu kwa desturi ile ninayo bado, wala sina haja ya kuitua.

Siku hizi wajukuu wangu wakienda Kipini nawaketisha wote, wa kike mbele. Nawauliza maji yanapwa saa ngapi, na hakuna anayeingia peke yake. Yule mdogo, msichana, aliniuliza kama jini yupo kweli.

"Sijui, mama, mimi sikumwona," nilimwambia. "Lakini akikuvuta, usishindane naye. Nenda naye, mpite ubavuni, urudi nyumbani."