Harith, Beki Wetu wa Barafuni

Sie tuliokulia Ansab, hapa Maskati, wakati majumba bado machache, na baina ya nyumba na nyumba pana kiwanja cha changarawe, tunaijua vizuri ladha ya vumbi la Bawshar, wilaya yetu. Siku za joto tukifungiwa ndani tokea adhuhuri. Kiyoyozi kinanguruma, watoto tumejilaza juu ya marumaru, tunaisubiri alasiri kama wafungwa wanaosubiri msamaha. Watu wakishasali tu, tumo nje. Kwanza dukani, tukanunue mkate uliopakwa jibini la kopo na kutiwa chipsi zilizovunjwavunjwa, kisha kiwanjani. Nikiwahadithia wanangu kwamba jibini hilo tukilila na mchanga wake, na matumbo hayatuumi, wananitazama kama nimeshuka kutoka sayari nyengine.

Na kila mwaka skuli zikifungwa, tukimsubiri Harith.

Harith ni mtoto wa shangazi yangu Zuwena, aliyeolewa na Mzanzibari mwenzetu aliyehamia Sweden. Watu wenye akili zao mwezi wa Julai wanaikimbia Maskati. Shangazi ndiyo kwanza anateremka na mwanawe, maana ndiyo likizo ya kwao. Harith akifika amevaa soksi nene, jasho linamtiririka, na mkononi kashika gongo lake la hoki, haliwachi hata kwa kusalimia. Bibi yetu akimfukiza udi huku analalama.

"Zuwena, mtoto anarefuka tu kama mnazi, nyama hana. Huko hawapiki?"

"Wanapika, mama."

"Basi hawatii nazi."

Hoki ya ardhini hatukuwa wageni nayo, Oman inachezwa tokea zamani. Lakini ya Harith ilikuwa nyengine. Alitueleza kwamba kwao inachezwa juu ya barafu, wachezaji wamevaa viatu vyenye vyuma chini, na badala ya mpira wanagombania kidude cheusi, kigumu kama soli ya kiatu. Hatukumuamini, lakini tukacheza. Tukachukua mpira wa tenisi, tukachonga magongo kwa makuti ya mtende, na mawe mawili yakawa goli. Sote tulitaka kufunga. Tukikimbilia mbele kundi zima kama kuku walioona mtama. Harith peke yake akibaki nyuma.

Kaka yangu Nasor ikimuudhi. "We mrefu kuliko sote, na gongo la kweli unalo wewe. Kwa nini hutaki kufunga?"

"Mimi beki," Harith akijibu. "Nikiwa nyuma naona wote."

Na kweli akiona. Ukimjia na mpira hakurukii, anakungojea tu, anakusogeza pembeni taratibu mpaka unajikuta huna pa kwenda ila ukutani kwa jirani. Hapo akiuchukua mpira kama anayepokea kikombe cha chai.

Mwaka mmoja baba yangu akatupeleka kwenye jumba la kuteleza juu ya barafu, hapa hapa mjini. Nje jua linachoma mpaka usukani haushikiki, ndani tunatetemeka ndani ya majaketi ya kuazima. Nasor alianguka kabla hajaikanyaga barafu yenyewe. Mimi niling'ang'ania ukingo mpaka vidole vikafa ganzi. Harith akaingia, akazunguka mara moja, kisha akageuka akaanza kwenda kinyumenyume, kwa kasi, anatutazama na kucheka, mwili wote umelainika. Kiwanjani kwetu alikuwa kijana mrefu mwenye miguu mizito. Pale alikuwa kama samaki aliyerudishwa majini. Baba akamwambia shangazi, "Dada, huyu msimzuie." Shangazi akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasingizia baridi.

Hawakumzuia. Alipotimiza umri wa skuli ya juu akaondoka nyumbani kwao kwenda mji mdogo kaskazini, kwenye skuli ambako asubuhi wanasoma na mchana wanacheza hoki. Huko theluji ikifunika madirisha. Shangazi akipiga simu Maskati analia, na Bibi anamliwaza kwa kumuuliza maswali yanayomzidishia kilio: "Analala na nani? Anafunga Ramadhani? Nani anamwamsha daku?" Harith alifunga, akaswali, akapigwa vikumbo na vijana waliomzidi kilo, na akaendelea kukaa nyuma. Timu ya daraja la pili ikamwajiri, na baada ya miaka timu ya daraja la juu.

Zikaja zama za kompyuta, tukawa tunamtazama tukiwa sebuleni kwa Bibi, sinia la kaimati katikati, picha inakwama kila inaponoga. Bibi na miwani yake aliweka uso karibu na kioo. "Yupi? Wote wamevaa masufuria kichwani." Tukimwonyesha. Siku moja Harith akamkumba mtu mpaka yule bwana akajibamiza ukutani. Sie tukashangilia. Bibi akashika kifua. "Khaa! Kamuumiza mtoto wa watu! Mpigieni simu akamtake radhi." Na siku ya pili Harith alipopiga, alisomewa kesi nzima. "Bibi, ndiyo kazi yangu," akijitetea. "Kazi yako kuzuia," Bibi akamwambia, "si kuvunja watu mbavu."

Mechi ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo wakifungwa wanashuka daraja. Walikuwa wanaongoza kwa goli moja, na dakika zimebaki chache mno. Adui akapiga kwa nguvu zake zote, na Harith akajitupa mbele. Kile kidude kikampata kwenye kifundo cha mguu. Akaanguka, akainuka, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya goli lake, hakutoka mpaka king'ora kikalia. Timu ikanusurika. Kesho yake ilijulikana kwamba mfupa ulikuwa umevunjika. Magazeti ya kwao yakatoa picha ya mfungaji, na shangazi akakasirika mwezi mzima. Harith mwenyewe alicheka. "Mama, beki akitajwa sana, ujue kakosea."

Mwisho goti ndilo lililomshinda. Daktari alimwambia wakimpasua tena anaweza kupata msimu mmoja, labda, lakini uzee wake atautembelea kwa mkongojo. Timu ikampa muda afikiri, na yeye akaja kufikiri Maskati. Alikaa wiki nzima miguuni kwa Bibi, ambaye siku hizo hainuki tena kitandani. Mimi nilikuwa nawapelekea chai, nikamsikia anasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Bibi, tokea mdogo sijui kitu chengine. Nikiwacha hoki, nitakuwa nani?"

Bibi akamtazama goti lile lililofura. "Mie sijui utakuwa nani," akasema. "Lakini mguu huo nnautaka mzima. Wewe ndiye mrefu wao. Nani atanibeba nyie mkiwa vilema?"

Harith akacheka, kisha akainamisha kichwa juu ya godoro, mabega yakawa yanatikisika. Bibi akampapasa nywele. Jioni ile aliipigia simu timu yake akawaaga. Na Mungu hakumcheleweshea Bibi. Haukupita mwaka, Harith alirudi na kulitia bega lake chini ya jeneza, mbele kabisa, na wabebaji wafupi wakawa wananyoosha mikono ili wamfikie.

Sasa ni mwalimu wa watoto hukohuko Sweden, anafundisha mabeki. Majira ya baridi yaliyopita alikuja na mama yake na wanawe wawili, tukawachukua watoto wake na wangu mpaka kwenye kiwanja cha barafu cha jumba la maduka. Enzi zetu jua likitufungia ndani na sie tunalilia mlango. Hawa jioni za Januari zinawaita kwa upepo mzuri, na kuwatoa ndani kunataka mkutano wa ukoo. Pale barafuni kila mmoja alitaka kufunga, na kila aliyefunga alitaka apigwe picha.

Harith akawapanga, akapiga makofi, na kwa kuwa mimi na shangazi tuko kando tunapiga soga kwa Kiswahili, akasahau akawapigia kelele kwa lugha aliyokuwa akichezea Ansab: "Rudini nyuma! Mmoja abaki nyuma!"

Watoto wanne wakasimama wakitazamana. Wake wanajua Kiswidi, wangu wanajua Kiarabu, baina yao wanasema Kiingereza. Mwanangu mkubwa akanigeukia akaniuliza, kwa Kiingereza, anko anasema nini.

Zamani Harith akitamka Kiswahili chake kibovu, kiwanja kizima tukianguka kwa kicheko. Mimi na shangazi tulitazamana, tukataka kucheka. Hatukuweza. Nikaenda mpaka ukingoni, nikaanza kuwatafsiria.