Mwenye Shokapu ya Kushoto

Usiniambie nilikuwa nimechoka. Kila ninayemsimulia huanza hivyo: ulikuwa umepika usiku kucha, macho yalikudanganya. Sawa, nilikuwa nimechoka. Lakini ilikuwa alasiri, jua limetoka tena baada ya mvua, na pale kivukoni Kamanga palikuwa na watu kibao. Halafu uchovu haupaki rangi kwenye nati. Nisikilize kwanza, mwongo utaniita baadaye.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, msiba, ubarikio, ukiniita nakuja na sufuria zangu. Gari langu ni la zamani, rangi imebabuka, lakini ndilo lililosomesha wanangu. Na fundi wake hakuwa mtu baki. Alikuwa Kulwa, pacha wangu, mwenye gereji Mkuyuni. Miaka yote hiyo sikuwahi kumruhusu fundi mwingine hata afungue boneti. Ungemwita nani, wewe, kama fundi umelala naye tumbo moja?

Siku moja shokapu ya mbele kushoto, ile inayopunguza mtikisiko wa tairi, ikaanza kuvuja mafuta. Kulwa akasema hiyo imekufa, niweke mpya. Nikainunua mwenyewe dukani, nikampelekea ikiwa ndani ya boksi lake. Jioni akanirudishia gari.

"Limepona, pacha wangu," akasema, akalipiga kofi mgongoni kama mtu anayempeleka ng'ombe wake machungani.

Halikupona. Tuta la kwanza tu nikasikia ngo. Shimo, ngo. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mgeni anayebisha hodi kwa haya. Nikarudi kwa Kulwa, akasema ni bushi, akabadilisha. Ngo. Akasema ni stabilaiza, akabadilisha. Ngo. Mwisho akacheka.

"Ni masufuria yako hayo."

Nikashusha sufuria zote, hadi miko, nikaendesha gari tupu. Ngo, ngo. Nilipomwambia, akasema gari la zamani ni kama bibi kizee, lazima magoti yalie. Nikacheka na mimi. Si pacha wangu?

Basi, siku hiyo nilikuwa natoka Sengerema kupika harusi. Wasichana wangu wa kazi walitangulia kwa basi, mimi nikabaki kuosha vyombo na kupakia. Mvua ikanikuta njiani, ikapiga, ikakatika. Kabla sijafika Kamanga nikamwona mwanaume amesimama ukingoni mwa barabara, amenyoosha mkono. Kijana wa miaka thelathini hivi, shati la bluu, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Huwa sibebi watu nisiowajua. Lakini nilimwonea huruma, maana alivyosimama ni kama alikuwa ananingoja mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, mwanangu."

Akaingia kiti cha mbele. Sasa hapa nataka unielewe vizuri. Gari langu, akipanda hata mtoto wa shule, linainama upande wake. Ndivyo magari yalivyo. Kijana yule alikaa, akafunga mlango, na gari halikuinama hata kidogo. Niliona. Nikajiambia ni mzigo wa sufuria nyuma umelikaza. Mtu akitaka kujidanganya, sababu hazikosi.

Tukaenda. Ngo. Akainamisha kichwa kusikiliza, kama daktari.

"Mama, linagonga kwenye mashimo tu, au hata ukikata kona?"

"Hata kona. Zaidi nikikata kulia."

"Ukizungusha usukani gari limesimama?"

"Linalia kama linatafuna kitu."

"Basi si bushi."

"Fundi wangu kasema ni bushi."

"Najua kasema nini," akajibu, taratibu kabisa.

Akaniomba nisimame. Akashuka, akaweka kiganja juu ya tairi la kushoto, akabonyeza mara moja. Mkono mmoja! Gari lenye masufuria ya kupikia watu mia mbili likazama kama limekanyagwa na tembo, likapanda, likagonga: ngo. Akanifungulia boneti, akaniambia niweke vidole juu ya kikombe cha shokapu, pale inapojishika kwenye bodi. Akabonyeza tena. Nikaihisi ile ngo ikinipiga kwenye vidole, palepale, kama moyo wa mtu.

"Springi imekatika kule chini, na hapa juu pamelegea," akasema. "Yangu nayo ilianza hivihivi. Nikasema nitaitazama kesho. Nani kakufungia hii?"

"Ndugu yangu. Pacha wangu."

Akaniangalia. Nimeshaangaliwa kwa dharau, nimeshaangaliwa kwa hasira, lakini kuangaliwa kwa huruma namna ile, sijawahi.

"Pole, mama. Hii si mpya. Hii ni ya gari langu. Ona hiyo nati, ina rangi ya kucha, zambarau. Ya mke wangu. Niliipaka ili nati ikizunguka nijue."

Kweli, ilikuwapo. Alama nyembamba ya zambarau, imefifia kwa vumbi. Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye! Nikadhani ni tapeli anataka kudai kifaa changu njiani. Nikafunga boneti kwa nguvu, nikamwambia apande tu twende, mambo ya ndugu yangu ayaache. Akapanda. Gari halikuinama.

Tulipofika kivukoni akasema, "Mimi naishia hapa. Mteremko wowote, mama, shuka polepole." Hasira ilikuwa imeshuka, nikaona aibu. Nikamwambia angoje nimnunulie sato wa kukaanga, nikageuka kuchukua pochi. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu. Mlango haukufunguliwa. Mlango ule unalia, ungemsikia hata kiziwi.

Mama muuza samaki, ambaye ananifahamu kwa kupitapita pale, alikuwa amesimama dirishani na sinia lake.

"Dada, ulikuwa unamkaribisha nani samaki?"

"Huyo kijana niliyekuja naye."

Akarudi hatua nyuma. "Umekuja peke yako. Nimekuona tangu unaingia, unaongea peke yako."

Jinsi nilivyovuka ziwa siku ile sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilishuka kivukoni mjini, nikaendesha kama nimebeba mayai hadi Mkuyuni, nikafungua boneti mbele ya Kulwa na kumwonyesha kwa kidole.

"Hii rangi ya nini?"

"Rangi ya kiwandani hiyo."

"Kulwa. Mwenye gari ilikotoka hii alikuwa anavaa shati la bluu?"

Spana ikamtoka mkononi. Akanivuta pembeni, nyuma ya mapipa ya oili, na huko ndiko nilikompoteza ndugu yangu. Alisema kuna gari lilipinduka ng'ambo, kwenye mteremko, mwenyewe akafia hapohapo. Familia ikamwita Kulwa alivute na kulihifadhi. Yeye akaanza kulichomoa kifaa kimoja kimoja.

"Na yangu niliyonunua?"

"Kuna mteja alikuwa na haraka, nikamfungia yeye. Nikasema ya kwako nitakuja kuirekebisha."

"Umenifungia kifaa cha marehemu?"

"Marehemu ataifanyia nini?" Alisema hivyo, kwa mdomo huohuo ulionyonya pamoja na wangu. "Na wewe ni pacha wangu. Nilijua hata ukigundua, huwezi kunishitaki."

Hilo ningeweza kulimeza. Kweli, ningelimeza, na mama yetu angetukalisha tukaombana radhi. Lakini wakati ananiambia hivyo nikakumbuka jambo. Binti yake Kulwa nilikuwa nampeleka shule kila asubuhi pamoja na wanangu. Wiki ileile aliyofunga ile shokapu, alimtoa kwenye gari langu. Akanieleza kwamba shangazi asisumbuliwe, mtoto atapanda bodaboda.

"Kulwa, ulijua kwamba ni mbovu."

Akaangalia chini.

"Mwanao ukamtoa. Wangu ukawaacha."

Hadi leo hajanijibu.

Fundi mwingine aliifungua kesho yake, mbele ya macho yangu. Springi ilikuwa imekatika kule chini, ncha yake imeanza kuchonga tairi kwa ndani. Akaniuliza nani kanipa moyo wa kuendesha gari hili. Nikaomba ile shokapu, nikaifunga kwenye khanga, nikavuka tena kwenda kumtafuta mjane wa yule kijana, nikiulizia gari lililopinduka mteremkoni.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nilipofungua khanga hakuuliza mimi ni nani. Alishika ile nati, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akaanza kulia bila sauti. Nikamweleza yote, nikitegemea atanifukuza. Aliponyamaza akaniuliza kitu kimoja tu:

"Alionekana amechoka?"

"Hapana," nikamwambia. "Alikuwa mpole."

"Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kuliacha gari la mtu lipite linagonga. Lake ndilo hakulisikiliza."

Aliniomba abaki nayo. Nikamwachia. Sikuuliza atafanya nini.

Sasa yaliyobaki. Kulwa hana gereji tena. Sikumshitaki, alisema kweli kuhusu hilo, sikuweza. Lakini tangu siku ile, kila gari linaloingia kwake analisikia linagonga upande wa kushoto. Mafundi wenzake hawasikii kitu, wateja hawasikii kitu. Yeye anafungua, anakaza, anafungua tena, hadi watu wakaacha kumletea magari. Siku hizi anauza mkaa, na hata baiskeli ikimpita anageuza kichwa. Mama anasema ndugu yangu anaumwa, niende nikamwone. Nimefika mlangoni kwake zaidi ya mara moja. Namwona kupitia dirishani amekaa, sikio limeelekea barabarani, ninamwonea uchungu wa mtu uliyeanza naye maisha kabla ya kuzaliwa. Halafu nawakumbuka wanangu kwenye kiti cha nyuma wakiimba, na pacha wangu amesimama anatupungia mkono. Narudi nyumbani.

Usiamini mzimu ukitaka, sikulazimishi. Lakini gari lako likianza kugonga, usikubali kuambiwa limezeeka. Na usitafute fundi kwa undugu. Nenda kwa mtu asiyekujua, simama uangalie kila anachotoa na kila anachoweka. Mgeni akikudanganya utapata hasara, utamtukana, utasahau. Wa kwako akikudanganya, utabaki kama mimi: umepona, unaendesha gari zima lisilo na kelele yoyote, na huna wa kumwambia.