Katuni Isiyosema

Kwao walimwita Herufi, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa moja: mdogo wake, yule kitinda mimba, akishachora katuni, Herufi huchukua kalamu na kuandika maneno ndani ya viputo, yale maduara yanayotoka midomoni mwa watu. Mwandiko wake ulinyooka hata ungedhani umepigwa chapa.

Kazi ya pili hakutumwa na mtu, na ndiyo aliyoionea fahari. Mama yao hakuwahi kujifunza kusoma. Kila katuni ikitoka, Herufi huketi naye kwenye kochi akamsomea, mara sauti ya jini, mara ya mfalme, mara ya punda, na mama hucheka mpaka akashika mbavu. Saa hiyo Kitinda na michoro yake yote si kitu.

Basi Kitinda akaja na lake jipya: vitabu vinne vya hadithi ya ajabu, msichana anayelifukuza jitu lililomeza kivuli chake. Neno hata moja hamna.

"Viputo viko wapi?" Herufi aliuliza.

"Havipo, dada. Hii inakwenda kimyakimya."

"Na mimi je?"

"Wewe pumzika kidogo, dada yangu. Umechoka."

Pumzika! Kitabu cha kwanza kilipotoka kiliuzwa kama njugu, na kila aliyekisifu alimtia Herufi kidole jichoni. Alimwonea wivu mdogo wake, akamwonea wivu hata yule msichana wa kwenye karatasi, ambaye hakuhitaji kuandikiwa chochote.

Mama peke yake alikuwa hajakiona, maana alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho. Herufi aliiwahi nakala ya mama. Akakata vipande vya karatasi nyeupe, akaviandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika, akavibandika ukurasa baada ya ukurasa. Jitu alilitungia matusi ya kuchekesha. Sasa tuone mama atafanyaje bila msomaji.

Bandeji zilipotolewa alimpelekea. Mama alifungua kitabu, akakunja uso, akaanza kubandua kwa ukucha.

"Mama, unafanya nini?"

"Nani kabandika makaratasi haya? Hili limemfunika mtoto uso. Nitajuaje kama analia?"

"Ni maneno hayo, mama. Lete nikusomee."

"Hebu ngoja. Usinipigie kelele, nasoma."

Nasoma. Mama wa miaka sabini na miwili, na Herufi hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mama alifunua, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaguna, akaliambia jitu, "Mshenzi mkubwa wewe!" Vipande vilidondoka sakafuni kimoja kimoja. Herufi alitaka kufurahi, angalau kidogo, kwa kuwa ni mama yake. Hakuweza. Alichotaka ni kumpokonya kile kitabu.

"Hapa naona kivuli kinamwita," mama alisema, akamsogezea ukurasa. "Au we umeelewaje?"

Herufi aliutazama. Alikuwa ameubandika mwenyewe, pembe hadi pembe.

"Sijui, mama," alisema. "Sikuangalia picha."