Jina la Missak Kwenye Kitabu cha Ardhi

Kila mwaka, zabibu zikishakauka na kufikishwa kiwandani, Missak Bedoian alivaa koti lake la kanisani, akafunga tai, akaendesha gari mpaka Fresno mjini kwenda kutazama ukurasa mmoja. Hakuwa na shida nyingine katika ofisi ya kusajili ardhi. Alisimama kaunta, akataja kitabu na ukurasa, akaletewa, akasoma polepole kidole kikifuata mstari, akashukuru, akarudi shambani Fowler. Makarani walimzoea.

Desturi hiyo aliirithi kwa baba yake, Hovsep. Kwao Kharpert, mji wa Waarmenia chini ya utawala wa Waturuki, Hovsep alikuwa na nyumba ya mawe na mizabibu nyuma ya nyumba. Siku moja akaambiwa vyote si vyake, na hapakuwa na ofisi ya kwenda kuuliza. Aliyoyapitia baadaye njiani hakuyasimulia. Alipofika California akafanya vibarua miaka mingi, akanunua ekari arobaini za mchanga, na tangu hapo kila vuli alikwenda kuhakikisha kwamba jina lake halijaondoka. Missak alianza kufuatana naye tangu akiwa mdogo wa kubebwa juu ya kaunta ili aone.

Hovsep aliwagawia wanawe wawili wa kiume shamba hilo angali hai. Missak akapata nusu, mdogo wake Garo akapata nusu. Garo hakuoa. Aliishi na mbwa wake na redio yake, akafa Novemba moja akiwa ameacha wosia ulioandikwa vizuri: nusu ya shamba kwa Missak, nusu kwa watoto wa dada yao walioko Los Angeles.

Missak aliamini mambo yamekwisha. Kumbe yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

"Wosia haukuepushi na mahakama," wakili aliyepewa kazi hiyo, Bi. Lindqvist, alimwambia. "Wosia unamwambia hakimu afanye nini. Lazima hakimu ausome."

"Basi ausome. Kurasa tatu tu."

"Ana wosia wa wengine pia, Bwana Bedoian."

Ombi likapelekwa, ikasubiriwa tarehe. Tangazo likatolewa gazetini ili kila anayemdai Garo ajitokeze, nao wakapewa miezi ya kujitokeza. Mthamini akaja na viatu safi, akapima shamba kwa macho. Ada ya wakili, kwa sheria ya huko, ilihesabiwa kwa thamani yote ya mali, pamoja na sehemu ambayo Garo alikuwa bado anadaiwa na benki. Kisha mmoja wa wapwa akadai kwamba mjomba hakuwa na akili timamu aliposaini, na kila kitu kikasimama upya.

Mizabibu haikujua habari za mahakama. Januari ilifika na matawi yanataka kupogolewa. Eusebio, msimamizi wa wapogoaji, alisimama na watu wake mwanzo wa safu za Garo, makasi mkononi.

"Mzee, hapa nani anatulipa?"

"Akaunti ya Garo imefungwa. Tunamngoja hakimu."

"Hakimu anajua kupogoa?"

Watu walicheka, lakini hawakuingia. Wangeingiaje? Missak na binti yake Siroun walipogoa peke yao kadiri walivyoweza kwenye ukungu wa baridi, na safu za mwisho hazikuguswa kabisa. Mwaka ule shamba la Garo lilizaa majani mengi na zabibu chache. Mirathi ilipofungwa, karibu miaka miwili baadaye, shamba lote la Garo lilikuwa limeuzwa kulipia deni la benki na ada. Aliyenunua aling'oa mizabibu, akapanda milozi. Missak akawa anakunywa kahawa yake ya asubuhi ameupa upande ule mgongo.

Siroun alikuwa mtoto wake pekee. Alirudi shambani baada ya mama yake kufariki, akajifunza kila kitu, tangu kutandaza trei za karatasi za kukaushia zabibu mpaka kubishana na kiwanda. Ndiye aliyemrudisha baba yake kwa Bi. Lindqvist na swali moja: mtu afanye nini ili mtoto wake asipitie haya?

Wakili alieleza. Mtu anaanzisha amana, mfuko wa kisheria wa kushika mali, angali hai na kuweka mali yake ndani. Yeye mwenyewe ndiye mdhamini, yaani msimamizi wake, analima, anauza, anakopa, na akitaka anaivunja. Akifa, mdhamini wa pili aliyemtaja anashika usukani siku hiyo hiyo. Mali ya amana haimngoji hakimu, kwa sababu aliyekufa ni mtu, amana haijafa.

"Kwa hiyo mimi natoa, mimi napokea, na mimi nasimamia," alisema Missak.

"Ndiyo."

"Na wewe kazi yako hapo ni nini?"

"Kukutoza."

Alimpenda kwa jibu hilo. Akasaini jalada zima, karatasi kwa karatasi, mpaka akafika kwenye hati ya kuhamisha shamba. Iliandikwa kwamba ekari zake ishirini sasa zitakuwa chini ya jina la Missak Bedoian, mdhamini wa amana. Akaisoma mara mbili, akafunika kalamu.

"Hii nitakwenda nayo nyumbani."

Hati ilikaa juu ya friji, chini ya kopo la kahawa. Bi. Lindqvist alipiga simu, akapiga tena. Amana ipo, alisema, lakini shamba halimo. Akifa leo, shamba litakwenda mahakamani vilevile, kama la Garo.

Siroun alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali. Jioni moja, wakila mayai na basturma, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa viungo, alijaribu tena.

"Baba, saini basi. Ni jina lako lile lile."

"Si lile lile. Limetiwa mkia."

"Mkia wa neno moja!"

"Baba yangu hakuandikwa mdhamini wa kitu. Aliandikwa Hovsep Bedoian, nukta. Unataka nifutwe nikiwa bado napumua?"

"Nataka nisisimame pale mwanzo wa safu nikiwa sina la kumwambia Eusebio."

Missak aliendelea kumega mkate.

Agosti iliyofuata, akigeuza trei juani, alishikwa na kifua, akaanguka kati ya safu. Madaktari walisema vali ya moyo imechoka, wakapanga upasuaji vuli. Wakamkataza kuendesha gari.

Wiki ya kabla ya upasuaji alimwita Siroun.

"Zabibu zimefika kiwandani?"

"Zote. Hata tone la mvua hazikupata."

"Basi niletee koti langu. Unanipeleka mjini."

Siroun hakuwahi kwenda naye kule. Siku zote alidhani baba yake huenda kusoma jina lake mwenyewe. Karani alileta kitabu kikubwa cha zamani, akakifungua, na Siroun akaona mwandiko wa wino uliofifia: Hovsep Bedoian, ekari arobaini. Mzee aliweka kidole chake chini ya jina.

"Baba, hii ni hati ya babu."

"Ndiyo. Ndiyo ninayoitazama."

"Lakini shamba halikuwa la babu tena tangu alipowapa. Na upande wa ami Garo sasa ni wa mtu wa milozi."

"Najua."

"Mbona hawajamfuta?"

Missak alimtazama karani. Karani akainua mabega. "Hatufuti kitu hapa, mzee. Tunaongeza tu."

Alibaki ameinama juu ya kitabu, mpaka mtu wa nyuma yao akakohoa. Kisha akakifunga mwenyewe.

"Miaka yote hii naisoma," alisema. "Punda mimi."

"Mimi sijasema."

"Ulikuwa unasubiri. Ile karatasi umeiacha juu ya friji?"

"Ipo kwenye gari."

"Shetani wewe."

Alisaini mchana ule ofisini kwa Bi. Lindqvist, mbele ya afisa wa kuthibitisha sahihi, na kabla kaunta haijafungwa hati ilikuwa imekwisha kusajiliwa. Ilisema Missak Bedoian anamkabidhi Missak Bedoian, mdhamini. Alifurahi kuona ameandikwa mara mbili.

Upasuaji ulimpa mwaka na kitu zaidi. Alifariki Januari, msimu wa kupogoa ukianza, kwenye kiti chake jikoni. Walimzika Alhamisi. Ijumaa Siroun alikwenda kwa Bi. Lindqvist, akaapa kwa maandishi kwamba mdhamini wa kwanza amefariki na yeye ndiye wa pili. Hakuna tarehe ya mahakama iliyosubiriwa, wala tangazo la gazetini.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba safu hazikuonekana mwisho wake. Eusebio alikuwa amesimama mwanzo wa safu ya kwanza na watu wake, kofia mkononi. Alimpa pole. Akasitasita, akaangalia makasi yake.

"Sasa, dada, hapa..."

"Mimi nawalipa," alisema Siroun. "Anzeni upande unaopakana na milozi."