Niliwekwa kwenye panel ya kuchagua kocha wa hoki hapa Birmingham, nikampigia kura aliyesema atanitoa kazini

Wakuu, mlioko kazini, mlioko kwenye foleni na mliojificha chooni na simu, nawasalimu wote.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kwa miaka mingi. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kila nikimsimulia mtu ana kwa ana, ananicheka kabla sijamaliza. Sitaongeza chumvi, iliyomo tayari inatosha kuharibu mboga. Majina ya kweli na timu naviweka kapuni, maana mji huu ni mdogo kuliko unavyoonekana.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mama wa binti mmoja, nakaa Stechford. Kazi yangu ni physio. Yule anayekimbilia uwanjani na begi mchezaji akianguka, ndiye mimi. Nilianzia kwenye hospitali kubwa kule karibu na Harborne, baadaye nikapata kazi kwenye timu ya hoki ya kulipwa.

Siyo ule mpira wa magongo wa kwenye nyasi. Hii ni ya barafuni. Wanaume wazima wamevaa viatu vyenye visu chini, wanakimbizana na kubamizana ukutani, na refa anaangalia tu kwa sababu inaruhusiwa.

Nilipomwelezea mama yangu kwa simu aliuliza, "Na hao nao wana wake nyumbani?"

Haya. Msimu uliopita tuliumaliza vibaya mno. Tajiri, namaanisha mwenye timu, akamfukuza kocha na meneja siku moja. Meneja nilimwonea huruma. Kocha, wakuu, nilitamani kupiga vigelegele.

Niwaambie kwa nini, maana ndipo kisa chote kilipo.

Kulikuwa na beki wetu mmoja aligongwa kichwa katikati ya mechi. Nikamtoa, nikamkagua, nikamwambia kocha huyu harudi. Kocha akasema kazi yangu ni kushauri na kazi yake ni kuamua. Akamrudisha barafuni. Akagongwa tena.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilimuuliza mwanao anaitwa nani. Akanitazama muda mrefu, halafu akaanza kulia kwa sababu hakumbuki. Mtu wa miraba minne, analia ameshika helmeti. Hajacheza tena tangu siku ile.

Mimi nilipiga kelele ofisini mpaka sauti ikakauka. Nikaambiwa nimesikika. Wanaoishi Uingereza mnajua, ukiambiwa umesikika ujue ndiyo basi tena.

Kwa hiyo tajiri alipotangaza anaunda panel ya kutafuta uongozi mpya, na wafanyakazi tutoe mwakilishi wetu, wenzangu wote wakanitaja mimi. Nilijiona mtu! Kumbe nimechaguliwa kubeba msalaba.

Tulikuwa watatu wenye kura: mwanasheria wa timu, ambaye ni mama mmoja makini sana, mzee wa chama cha mashabiki, na mimi. Tajiri alisema yeye hatapiga kura, atasikiliza tu. Uongo mtupu, aliongea kuliko wote.

Meneja tulimpata kabla chai haijapoa. Tajiri aliingia na jina lake mfukoni, ni rafiki yake wa gofu. Nikauliza, mbona hatujamhoji? Nikajibiwa, "Huyu anajulikana." Wakuu, nimevuka bahari kuja kukutana na kitu kile kile nilichokiacha kwetu, tofauti ni kwamba huku unapewa na biskuti.

Basi tukabaki na kocha. Hapo ndipo nilipoanza kuota mvi.

Tuliwahoji watu kwenye chumba kilicho juu ya barafu, baridi ile inapanda mpaka kwenye meno, mimi nimevaa koti na skafu kama niko stendi ya basi. Mmoja alitupigia kwa video kutoka Marekani. Akajieleza vizuri, akasifia mji wetu, akasema familia yake inapenda sana joto la kwetu na ukarimu wa watu wa kusini. Tukaangaliana. Kumbe aliomba kazi akidhani ni Birmingham ya Alabama! Na mzee wa mashabiki bado alitaka apite raundi ya pili, eti ana sauti ya kocha.

Mwisho wakabaki wawili. Tuwaite Mkanada na Mfini, maana mmoja katoka Canada na mwingine Finland.

Mkanada aliingia na keki yenye rangi za timu. Ametukariri majina yote. Aliniita kwa jina langu na akalitamka sawasawa, kitu ambacho tajiri ameshindwa miaka yote.

Nikamuuliza swali nililotumwa na wenzangu: wafanyakazi waliopo utawafanyaje?

Niwape desturi ya michezo ya huku kwa ufupi. Kocha mpya huja na watu wake. Kocha msaidizi wake, physio wake, wakati mwingine hadi mtunza vifaa wake. Nyie mliopo mnafungasha. Hakuna anayeona ubaya.

Mkanada akaweka mkono kifuani. "Hii ni familia. Simgusi mtu."

Nikapumua. Nikauliza la pili, la majeruhi. Akacheka. Akasema wachezaji wa siku hizi wanadekezwa, yeye alicheza na mbavu zimevunjika na hakufa. Mzee wa mashabiki akapiga meza kwa furaha.

Mimi ile keki ikanikwama kooni.

Akaingia Mfini. Hana tai, hana keki, hana tabasamu. Nikarudia swali langu la kwanza.

Akasema, "Kocha msaidizi nakuja na wangu. Physio nakuja na wangu. Mtunza vifaa nitamwona kwanza." Halafu akanigeukia. "Wewe ndiye physio?"

Nikasema ndiyo.

"Samahani. Siyo wewe binafsi."

Chumba kizima kikatazama chini. Nikamuuliza la majeruhi kwa hasira, na sijui hata kwa nini niliendelea kuuliza. Akajibu, "Physio akisema hapana, ni hapana. Simuulizi mara ya pili, hata ikiwa fainali. Ndiyo maana nataka mtu ninayemjua."

Wakuu, jibu ambalo nimelitafuta tangu niingie kwenye kazi hii, nalipata kwa mtu anayenionyesha mlango. Nilitaka kumkumbatia na kumrushia kiti.

Mwanasheria alimtaka Mfini. Mzee wa mashabiki alimtaka Mkanada. Tajiri akasema tukutane Jumatatu tumalize. Kwa hiyo kura ya kuamua ilikuwa yangu.

Jumapili mtunza vifaa wetu, Abdi, akanialika chai kwenye mkahawa mmoja wa Ladypool Road. Abdi ni Msomali aliyekulia Nairobi, anakaa Sparkbrook, tumesafiri pamoja kwenye basi la timu misimu yote hiyo. Hajawahi kunialika chai. Nilipoona ameagiza na sambusa nikajua kuna jambo.

"Dada, wewe ndio mtu wetu huko ndani," akaniambia. "Hii maneno si ngumu. Kuna mtu amesema anatuweka, na kuna mtu amesema anatufuta. Sasa unafikiria nini?"

Nikamwambia nafikiria kichwa cha yule beki.

"Mimi pia nilimwona, walahi. Lakini mimi niko na watoto. Huyo beki ako na insurance, mimi niko na wewe peke yako."

Nilikunywa ile chai ikiwa moto hivyo hivyo ili nisiongee.

Jioni nikamweleza mume wangu. Yeye ni Mkongomani wa Bukavu, na maneno yake, Kiswahili na Kifaransa humo humo, hayana breki. Akaweka kijiko chini.

"Mama Neema, banakupatia kisu ujichinje weye mwenyewe, na weye unabaambia merci? Donc, kura ni ya nini? Chagua ule wa keki, tulale."

Na msidhani nilikuwa jasiri. Kazi ile niliipenda. Niliipenda harufu ya ile barafu, kelele za wale wanaume, namna wanavyogeuka watoto ukiwafunga bandeji. Hospitali wagonjwa wangu walinisahau wakitoka mlangoni. Kule nilikuwa na jina.

Jumatatu tajiri akasema wanaomtaka Mkanada wanyooshe mkono. Mzee akanyoosha, kisha akanigeukia na kunikonyeza, kwa sababu aliona ni hesabu rahisi: nani atampigia kura mtu wa kumfukuza?

Mkono wangu ukabaki mezani.

"Mfini?"

Mwanasheria akanyoosha. Nikanyoosha na mimi. Mzee akasema kwa sauti, "Huyu mama amechanganyikiwa." Tajiri akaniuliza kama nimeelewa ninachokipigia kura. Yaani nimesoma, nimefanya kazi, nimeuliza maswali yote magumu mle ndani, halafu naulizwa kama nimeelewa! Nikamjibu nimeelewa kuliko wote waliokaa hapa, twende mbele.

Kabla sijafika kwenye gari, mzee alikuwa ameshawatangazia watu wake, na watu wake wakamtangazia kila mtu. Nilipoingia kazini kesho yake, nilipita kama upepo, hakuna aliyenitazama. Abdi alikuwa anajiandaa kunoa visu vya viatu vya wachezaji. Nikamsalimia, akawasha mashine.

Mfini alipofika aliniita ofisini.

"Nimesikia ulinipigia kura."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za beki, mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mimi moyoni nikaanza kupata tumaini, si mnajua binadamu tulivyo. Nikasema sasa huyu atalainika.

Akasema, "Asante. Physio wangu anafika Alhamisi. Utamkabidhi vizuri?"

Asante ya punda jamani! Na kinachoniudhi zaidi, hakunidanganya hata mara moja. Ningepata wapi pa kumshitaki?

Nikamkabidhi vizuri. Nilimweleza huyo kijana wa Kifini goti la nani linauma, nani anaficha maumivu, nani akisema yuko sawa ujue hayuko sawa. Hasira nilizimalizia nyumbani kwenye kusugua masufuria.

Abdi je? Mfini alimwangalia akifanya kazi wiki nzima, akasema huyu abaki. Abdi akaja kunitafuta kwenye maegesho, siku yangu ya mwisho.

"Alhamdulillahi dada, nimebaki," akasema. Nikampongeza kwa moyo wote. Akaanza kuondoka, halafu akageuka. "Lakini bado ulikuwa umetuuza."

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye lami.

Sasa niko hospitali tena, kwa zamu za hapa na pale. Wiki chache zilizopita nahodha wa timu akatupa tiketi, tukaenda Jumapili mchana, mimi, mume wangu na Neema. Tulikaa juu kabisa na mashabiki. Nilikuwa sijawahi kuitazama mechi kutoka kule. Hata miguu sikujua niiweke wapi, imezoea kuwa tayari kukimbia.

Zikiwa zimebaki dakika chache na tunafungwa kwa goli moja, mfungaji wetu bora akabamizwa ukutani. Akaanguka, akaamka, akapepesuka kidogo. Mtu asiyejua asingeona. Mimi nilishasimama.

Yule kijana wa Kifini alikuwa ameshamfikia. Akamtazama machoni, akamwongelesha, akageukia benchi na kutikisa kichwa.

Uwanja mzima ukazomea. Mchezaji mwenyewe anapiga gongo chini kwa hasira, anataka kurudi. Meneja, yule wa gofu, kasimama anapunga mikono. Mfini hakuuliza kitu. Alimnyooshea kidole mchezaji mwingine, naye akaingia.

Tulifungwa ile mechi. Na mimi nilikuwa nalia kwa sauti katikati ya watu wanaotukana.

Mume wangu akanishika bega. "Sasa unalilia nini? Si ni weye ulimuchagua?"

Neema, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila kukijibu hataki, alikuwa anamtazama yule physio akimsaidia mchezaji kushuka. Akasema taratibu, "Mum, the coach just listened to him. Nobody ever listened to you."

Nikamvuta karibu, nikamfunika na skafu yangu.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Ukichaguliwa kuwakilisha watu, waulize mapema kabisa wanataka uitetee kazi ifanyike sawasawa au uzitetee ajira zao, maana siku ya kura hutapata nafasi ya kuvitetea vyote. Na usitegemee aliyefaidika na uamuzi wako akupende kwa ajili hiyo. Pia, mtu akija kwenye interview na keki, muulize swali la pili kabla hujala.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kukaa kwenye kamati za kuajiri, kamati za harusi, hata kamati za shule, njooni mniambie mngemnyooshea nani mkono. Wa kunitukana nao wapite, nimeshazoea. Mimi jibu langu ninalo, ni lile lile, na bado linaniuma.